Lenzi, Mvuke na Kuvu: Uchambuzi wa Hifadhi ya Kamera Wilayani Rungwe

Kutoka Mbeya mjini hadi Tukuyu, wilayani Rungwe, ni mwendo wa kilomita 70 hivi kwa barabara ya lami iendayo Kyela na mpaka wa Malawi, na msafiri aufanyaye mwendo huo katika mwezi wa Mei, wakati mvua za Mbeya zimekwisha kuaga, huondoka penye jua kavu akateremka penye manyunyu, matope na migomba ichuruzikayo maji. Sababu ya tofauti hiyo si siri. Pepo zilizoshiba mvuke wa Ziwa Nyasa hupanda kuelekea kaskazini, hukabiliana na Mlima Rungwe, ambao kilele chake kimefikia mita 2,960 hivi, pamoja na safu za Livingstone na Poroto zilizo jirani yake, na kwa kuwa hewa ipandayo hupoa, na hewa ipoayo hupungukiwa na uwezo wa kubeba mvuke, mzigo wote hutuliwa upande wa kusini. Ndipo Tukuyu ikapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Mbeya, iliyojificha nyuma ya milima hiyo hiyo, huambulia nusu yake au chini ya hapo. Chai ya Katumba na ndizi zinazosafirishwa kila siku hadi Dar es Salaam ni neema ya mvua hiyo. Mpiga picha naye hupata fungu lake, ila fungu lake ni kuvu.

Swali lililo mbele yetu ni hili: kwa nini lenzi huota kuvu katika wilaya hii kwa wepesi usioonekana upande wa pili wa mlima, na miongoni mwa tadbiri wanazopeana wapiga picha, kuanzia kopo la mchele hadi dawa ya vidonda, zipi zina ithibati na zipi hufuatwa kwa mazoea tu? Rai yangu, ambayo nitaitetea, ni kwamba kuvu ya lenzi ni maradhi ya kabati kuliko kuwa maradhi ya kioo, na kwamba mwenye kamera wa Rungwe hupoteza nguvu zake kwa kutafuta dawa ya kuua, ilhali kinachotakiwa ni joto dogo la kukausha na hewa ya kupita.

Spora za kuvu, ambazo ndizo mbegu zake, hazionekani kwa jicho, na hewa imezijaa kila mahali. Zimo Mbeya kama zilivyomo Tukuyu. Zimo ndani ya lenzi kuukuu na, aghalabu, ndani ya lenzi iliyotoka kiwandani juzi, maana hakuna lenzi ya kawaida iliyozibwa hata hewa isiingie: pete ya kulenga au ya kukuza inapozungushwa, vipande vya kioo husogea mbele na nyuma, na lenzi huvuta pumzi na kuitoa kama mvukuto wa mhunzi. Kwa hiyo kuwapo kwa spora si hoja. Hoja ni masharti yanayoziruhusu kuota. Kampuni ya Carl Zeiss ya Ujerumani, katika nasaha zake kwa wateja, huyataja masharti hayo kwa ufupi: unyevu wa hewa usiopungua asilimia 70 kwa muda wa zaidi ya siku tatu, joto la kati ya nyuzi 10 na 35, giza, hewa iliyotuama, na chakula kidogo. Chakula chenyewe hakihitaji kuwa karamu. Alama ya kidole, unyuzi wa kitambaa, vumbi, grisi ya hesi za ndani au rangi nyeusi iliyopakwa ukingoni mwa kioo, kila kimoja huitosha kuvu kwa posho ya miezi mingi.

Yafaa tusimame kidogo kwenye neno la unyevu, kwa sababu hesabu yote ya mbele imejengwa juu yake. Asilimia ya unyevu haielezi wingi wa maji yaliyomo hewani peke yake, bali wingi huo ukilinganishwa na kiasi cha juu kabisa ambacho hewa hiyo ingeweza kukibeba katika joto lile lile. Hewa ya Kyela, kando ya ziwa, ni ya moto na hubeba mvuke mwingi. Hewa ya Tukuyu, iliyo kati ya mita 1,500 na 1,600 juu ya usawa wa bahari, ni ya baridi na hubeba mvuke mchache zaidi, walakini huwa karibu na kujaa, na kuvu haiulizi mvuke ni gramu ngapi, huuliza hewa imebakiwa na kiu kiasi gani. Hapa ndipo wengi hupotea, wakidhani kwamba baridi ya Rungwe ni kinga yao na kwamba kuvu ni taabu ya watu wa pwani. Baridi hiyo huichelewesha tu. Nyuzi 15 au 18 za usiku wa masika zimo ndani ya mipaka iliyotajwa hapo juu, na kile ambacho baridi inakipunguza kwa mkono mmoja, yaani kasi ya kuota, inakirudisha kwa mkono wa pili, kwa kuwa hewa ipoapo usiku unyevu wake hupanda hata ukakaribia asilimia 100.

Liko jambo jingine ambalo halimo katika nasaha za Wajerumani, nalo ni la kalenda. Kazi kubwa ya mpiga picha wa mji mdogo kama Tukuyu ni harusi, na katika wilaya ambayo Wamoravian walianza kuhubiri tangu 1891, harusi nyingi hufungwa kanisani. Kwaresima huangukia kati ya Februari na Aprili, na katika siku hizo harusi za kanisani huwa chache sana. Kwa hiyo kamera hupumzika mkobani katika majuma yale yale ambayo mvua inazidi, nayo hutolewa tena baada ya Pasaka, na kwa wengine hadi kiangazi cha Juni. Kamera inayotumika kila Jumamosi hupata mwanga, hewa na kufutwa. Kamera iliyolala majuma sita gizani imepewa yote ambayo kuvu huyataka. Ndiyo maana mafundi hupelekewa lenzi mbovu nyingi mwanzoni mwa kiangazi, na wenye lenzi hulaumu kiangazi.

Madhara ya kuvu yana daraja. Mwanzoni ni nyuzi nyembamba, nyeupe, zinazoanzia ukingoni mwa kioo na kutapakaa kama matawi, na katika daraja hii picha haidhuriki kwa namna ya kuonekana, kwa sababu kilichoko juu ya uso wa lenzi kiko nje kabisa ya mlengo. Zikiongezeka, nuru hutawanyika: weusi huwa kijivu, na taa iliyo nyuma ya bibi arusi hutoa wingu jeupe lisilotakiwa. Hasara kubwa huja baadaye, pale kuvu inapotoa asidi katika kula kwake na asidi hiyo ikaumega kwanza utando mwembamba unaopunguza mng'ao, ule ambao Alexander Smakula wa Zeiss alivumbua njia ya kuupaka mwaka 1935, kisha kioo chenyewe. Kuvu yaweza kufutwa. Chimbo lililochongwa na asidi halifutiki.

Wala tusidhani kwamba taabu hii ni ya mafukara na wazembe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili majeshi yaliyopigana katika misitu ya New Guinea yaliona darubini na vyombo vya kulengea vikipofuka kwa muda mfupi, hata wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Melbourne, J. S. Turner na Ethel McLennan miongoni mwao, wakatakiwa kutafuta dawa. Wakachagua mchanganyiko wenye zebaki uliowekwa ndani ya vyombo hivyo ili utoe mvuke wa kuzuia kuota, na mwaka 1946 wakachapisha matokeo yao katika jarida la Nature. Dawa ile ilifaa, ila zebaki ni sumu ya kumdhuru binadamu, na hakuna sababu ya mtu wa leo kuitamani. Nako Japani, mwaka 1962, aina moja ya kuvu ilielezwa kwa mara ya kwanza ikiwa imetwaliwa juu ya lenzi ya darubini. Kuvu za jamii hiyo zimezoea mahali palipo na maji haba kuliko yale yanayotakiwa na kuvu ya mkate, na kwa hiyo uso wa kioo, ambao kwetu ni jangwa, kwao ni shamba.

Kama pana mtu anayeuliza kwa nini wilaya ya chai na viazi ijishughulishe na jambo la lenzi, ajue kwamba nchi hii imejulikana kwa picha kuliko nyingi. Daktari Friedrich Fülleborn, aliyekuwa katika utumishi wa Wajerumani kando ya Ziwa Nyasa, alipiga picha nyingi za watu wa huku na kuzitumia katika kitabu chake cha 1906. Godfrey na Monica Wilson, walioishi na Wanyakyusa wa huku katika utafiti wao kati ya 1934 na 1938, waliacha nao picha ambazo leo zimehifadhiwa Cape Town. Lakini mfano ulio mkubwa kwangu ni wa kima aitwaye kipunji. Mnyama huyu, aliyekuwa akijulikana na wawindaji wa Rungwe kwa jina lake hilo, alionwa na watafiti wa shirika la uhifadhi la WCS mwaka 2003, akatangazwa katika jarida la Science mwaka 2005, na maelezo yake ya kwanza ya kitaalamu yalisimama juu ya picha, kwa kuwa hapakuwa na ngozi wala fuvu mikononi mwa mtu. Ni baadaye tu ndipo mzoga mmoja ulipopatikana katika mtego wa mkulima, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Kima mzima aliingia katika elimu ya dunia kwa mlango wa lenzi, na msitu wa Rungwe ni wa ukungu.

Sasa tuzitazame tadbiri zenyewe, na tuanze na zile zinazodhuru. Ya kwanza ni mkoba. Mtu aliyenunua kamera kwa fedha nyingi huona ni heshima kuifungia ndani ya mkoba wake wa ngozi au wa sifongo, akafunga zipu, akauweka mvunguni au juu ya kabati la nguo lililoegemea ukuta wa nje. Ngozi na sifongo hunywa maji katika siku za mvua na kuyatoa polepole katika siku za jua, hata ndani ya mkoba masika yakaendelea baada ya kwisha nje. Hewa yenyewe si kitu: sanduku la lita 20 lililojaa hewa ya nyuzi 18 na unyevu wa asilimia 90 lina maji yasiyofika theluthi moja ya gramu. Maji yako katika kitambaa, katika mkanda wa shingoni, katika kijitabu cha maelezo kilichosahauliwa mfukoni. Hivyo basi, kamera iliyo wazi juu ya meza sebuleni, ikafunikwa kitambaa chepesi cha kuzuia vumbi, iko salama kuliko iliyofungiwa mkobani, na ukimwambia hivyo mwenye mkoba mpya hatakuamini.

Ya pili ni mchele. Wilaya jirani ya Kyela hutoa mchele unaosifiwa Tanzania nzima, na hakuna nyumba ya Tukuyu iliyoukosa. Kwa hiyo simu ikitumbukia majini, au lenzi ikianza kuingiwa na mvuke, jibu la haraka ni kuizika katika kopo la mchele. Imani hii ina chembe ya ukweli, kwani punje kavu hunywa maji. Lakini mchele uliohifadhiwa vizuri una unyevu wa asilimia 13 au 14 ya uzito wake, na mchele wa namna hiyo hupatana na hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Yaani, ukiuacha ndani ya kopo lililofungwa utaivuta hewa ya ndani hadi kwenye mpaka ule ule ambao kuvu huuanzia, na hapo utaridhika na kuacha kufanya kazi. Ukiukaanga kwanza bila mafuta mpaka ukauke sana, utafanya vema kwa siku chache. Hata hivyo, unga wake utaingia katika nyufa za pete, na unga ni wanga, na wanga ni chakula. Mchele wa Kyela una matumizi bora kuliko hayo.

Mkaa hauna nguvu ya kutosha juu ya mvuke, na vumbi lake ni baya. Vidonge vya kufukuzia nondo hutoa mvuke wake wenyewe ambao hutua juu ya kioo baridi na kuacha utando. Dari ya jikoni, ambako mahindi hukaushwa juu ya moto wa kuni tangu zama za mababu, ni pakavu kweli kweli, ila moshi una lami, na lenzi itakayoponea kuvu huko itakufa kwa masizi.

Kuhusu jua pana mzozo wa siku nyingi. Wapo wasemao kwamba lenzi ikiwekwa juani saa kadhaa kuvu hufa kwa miale ya urujuani. Na ni kweli kwamba miale hiyo huua, lakini ile iliyo kali zaidi huzuiwa na kioo chenyewe, na kwa hiyo nyuzi zilizoko kati ya kipande cha tatu na cha nne huoga jua lililokwisha kupunguzwa makali. Faida halisi ya jua ni kukausha. Mwenye kutaka faida hiyo aiondoe lenzi katika kamera, avue vifuniko vyote viwili, aiweke kwa ubavu asubuhi kwa muda mfupi, na awe na hadhari, maana lenzi iliyotazama jua hukusanya moto nyuma yake, ikaunguza pazia la kamera au kitambaa cha meza.

Nimesema kwamba dawa ni joto dogo, na hesabu yake ni hii. Hewa ya nyuzi 18 yenye unyevu wa asilimia 90, ikipashwa moto hadi nyuzi 24 bila kuongezwa wala kupunguzwa tone la maji, unyevu wake hushuka hadi asilimia 62 hivi. Ikipashwa hadi 26, hushuka hadi 55. Nyuzi sita au nane tu ndizo zinazotenganisha kabati lenye kuvu na kabati lisilo nayo. Zamani jambo hili lilikuwa rahisi: kabati dogo la mbao, tundu chache chini na tundu chache juu, na balbu ya kawaida ya wati 15 au 25 iliyowaka chini ya rafu usiku na mchana. Balbu za leo hutoa nuru nyingi na joto dogo, jambo ambalo ni jema kwa mfuko na baya kwa kabati la kamera. Kwa hiyo mtu hana budi kuangalia nyumbani mwake kuna nini kitoacho joto daima. King'amuzi cha televisheni, ambacho katika nyumba nyingi hakizimwi, ni kimoja. Nyuma ya friji ni mahali pengine. Rafu iliyo juu ya kifaa kama hicho, yenye uwazi wa hewa kupita chini yake, si ya fahari, lakini kipimaunyevu kidogo cha bei nafuu kikiwekwa hapo kwa juma moja kitatoa ushahidi bora kuliko maneno yangu. Umeme ukikatika usiku mmoja hakuna hasara, kwa kuwa kuvu huhitaji siku tatu na zaidi.

Asiye na umeme wa uhakika ana njia ya pili, nayo ni chombo kisichopitisha hewa pamoja na silika, zile chembe zinazonywa mvuke. Gramu 100 za silika kavu hushika gramu 20 hadi 30 za maji, ambazo ni nyingi mno zikilinganishwa na ile sehemu ya gramu iliyomo hewani mwa sanduku. Lakini chombo kinachofunguliwa kila siku, au kilichowekwa mkoba wa sifongo ndani yake, kitaishibisha silika katika majuma machache. Vijipakiti vilivyokuja ndani ya sanduku la viatu, ambavyo watu huvitunza kwa miaka, vimekwisha kushiba zamani na havina faida yoyote isipokuwa ya moyo. Silika ya chungwa, ambayo aghalabu hugeuka kijani inaposhiba, ni bora kuliko ile ya buluu igeukayo waridi, kwa sababu rangi ya buluu hutokana na chumvi ya kobalti isiyo salama kwa mapafu. Zote huhuishwa kwa joto la nyuzi 100 hadi 120 kwa saa mbili hivi, katika sufuria isiyopikiwa chakula, juu ya moto mdogo. Unyevu wa asilimia 40 hadi 50 ndio wa kulenga; chini ya 30 grisi na mpira huanza kuteseka.

Nashangaa kwamba elimu hii haikuenea huku kuliko kwingine, kwa maana wilaya nzima inaishi kwa kukausha. Jani la chai linalochumwa asubuhi lina maji zaidi ya robo tatu ya uzito wake, na linapotoka katika kikaushio cha kiwandani limebakiwa na asilimia 3 hivi, kisha hufungwa haraka katika mifuko yenye utando wa kuzuia mvuke, kwa kuwa kila mfanyakazi wa kiwanda anajua kwamba chai iliyoachwa wazi usiku mmoja wa masika itakunywa ukungu na kuharibika. Mfanyakazi huyo huyo akirudi nyumbani huiacha kamera yake ndani ya mkoba wenye unyevu.

Safari nazo zina hatari yake. Uwanda wa Kitulo, ambao umekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005 na ambao wapenda maua huufuata kwa okidi zake, uko katika kimo cha mita 2,600 hivi. Matema, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, iko chini ya mita 500. Mtu aweza kupiga picha asubuhi penye baridi ya nyuzi 10 na jioni akafika penye hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 75, na hewa hiyo huanza kudondosha maji juu ya kitu chochote kilicho na ubaridi wa chini ya nyuzi 23. Lenzi ikitolewa papo hapo itatota nje na, vibaya zaidi, ndani. Funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki ukiwa bado juu, uiache ndani yake mpaka ipate joto la mahali uliposhukia. Umande utatua juu ya plastiki.

Kuhusu kutambua, macho matupu hudanganya. Lenzi ikitazamwa mbele ya dirisha huonekana safi kama maji ya chemchemi ilhali imejaa nyuzi. Fungua tundu la nuru hadi mwisho, zima taa ya chumbani, elekeza tochi kutoka nyuma kwa pembe, si moja kwa moja, na uigeuzegeuze lenzi polepole: vumbi litaonekana kama nukta zilizotawanyika, mafuta kama mawingu yasiyo na ukingo, na kuvu kama matawi yenye shina. Penye vioo viwili vilivyogandishwa kwa gundi, matatizo ya gundi hutokea kama mapovu au mng'ao wa rangi za upinde wa mvua ukingoni, nayo ni maradhi mengine. Kuvu ya kipande cha nyuma, kilicho karibu na kitambuzi cha picha, hudhuru picha kuliko ya kipande cha mbele iliyo sawa nayo kwa ukubwa.

Kusafisha hugawanyika kwa mahali. Kuvu iliyo juu ya uso wa nje ni kazi ya dakika chache: puliza vumbi kwanza, kisha futa kwa karatasi ya lenzi iliyolowa spiriti safi isiyo na rangi, kuanzia katikati kwenda nje, bila kukandamiza. Spiriti ya rangi ya zambarau iuzwayo madukani huacha alama, na ile ya hospitalini wakati mwingine imetiwa mafuta kwa ajili ya ngozi. Nyuzi zikikataa, mafundi wengi hutumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kuoshea vidonda ipatikanayo katika duka la dawa, wakiichanganya sawa kwa sawa na amonia ya kusafishia. Mchanganyiko huo utengenezwe kidogo, utumike pale pale, usifungwe katika chupa kwa sababu hutoa gesi, na usiguse vioo vilivyogandishwa kwenye kingo zake kwa muda mrefu. Kwa hali yoyote amonia isikutanishwe na dawa ya kufulia yenye klorini, ile wengi waiitayo jiki, kwani mvuke utokao hapo humuua mtu kabla haujaiua kuvu.

Ndani ya lenzi ni habari nyingine. Lenzi ya zamani ya milimita 50, ya kulengwa kwa mkono, hufunguka kwa ufunguo wa ncha mbili na bisibisi ya kipimo cha Kijapani, mradi mtu apige picha ya kila hatua, atie alama mahali hesi za kulenga zinapoachana, na akumbuke kila kioo kilitazama wapi. Hapo fundi mwenye subira, akiwa mezani pake Mwanjelwa mjini Mbeya au Kariakoo mjini Dar es Salaam, atairudisha katika kazi. Lenzi ya kisasa, yenye mikanda myembamba ya umeme, mota ya kulenga na vipande vinavyoelea ili kutuliza mtikisiko, ilipangwa kiwandani kwa vipimo ambavyo meza ya fundi haina, na mara nyingi hutoka kwake ikiwa safi na yenye upande mmoja wa picha uliofifia. Kwa lenzi kama hiyo yenye kuvu kidogo ukingoni, ushauri wangu ni kuikausha, kuitumia na kutoifungua, kwa maana kuvu iliyokosa unyevu husimama pale ilipo.

Hofu ya kuambukizana imezidishwa. Lenzi yenye kuvu haiuambukizi mkoba kama ndui, kwa kuwa spora zilikuwamo mkobani kabla yake. Lenzi mbili zilizoota pamoja zimeugua kwa sababu zilikaa pamoja katika unyevu mmoja. Hata hivyo nyuzi hai hutoa spora kwa wingi, na si busara kuzitia makusudi kando ya kioo safi, kwa hiyo mkoba wa zamani uoshwe na kuanikwa, na wa ngozi utupwe. Filamu ina hatari kuliko kioo, maana jelatini yake ni chakula halisi, na kwa sababu hiyo studio za pwani, kama ile ya Capital Art aliyoianzisha Ranchhod Oza mjini Zanzibar mwaka 1930, zilikuwa na kazi ngumu zaidi ya kutunza hazina zao kuliko ya kutunza vifaa vyao.

Limebaki suala la soko. Lenzi zilizotumika huletwa Mbeya na Dar es Salaam kutoka ng'ambo kwa wingi, na muuzaji anayesema kwamba "ni vumbi tu" mara nyingine husema kweli. Mnunuzi aende na tochi yake, auombe muda, na aipange bei kwa daraja tatu: nyuzi za ukingoni juu ya kioo cha nje, zipunguze bei kidogo, nyuzi za ndani katika lenzi ya kufunguka, zipunguze kwa gharama ya fundi na zaidi, lakini penye kuvu iliyo kati ya vioo viwili vilivyogandishwa, au penye doa linalobaki kama mchoro wa kijivu baada ya kufutwa, arudishe lenzi mezani, hata ikiwa bei imeshushwa mara ya tatu.